Kupima Kwanza, au Kutawakali Tu?

Ndugu zangu katika imani, mwanamke aliyefungwa kizazi anataka mirija yake iunganishwe tena. Daktari anashauri kwanza aingizwe kamera tumboni, chini ya nusukaputi, ionekane mirija iliyobaki. Wapo wasemao: atawakali, aende moja kwa moja kwenye upasuaji.

Tawakali haifuti sababu. Ngamia hufungwa kwanza. Mirija ikiwa imebaki mifupi mno, au ncha zake zilikatwa, upasuaji mkubwa huwa jeraha bila faida.

Lakini kamera nayo ni kisu, na sitara hufunuliwa. Fiqhi inatufundisha kuwa dharura hukadiriwa kwa kiasi chake. Basi tuanze na lililo jepesi: ripoti ya upasuaji wa kwanza, kisha kipimo cha manii ya mume, ambacho hakina kisu. Mume anayekataa kupimwa huku akimhimiza mkewe apasuliwe hajatawakali. Amemtwika mwenzake madhara yote.

Manii yakiwa salama na ripoti haitoshi, ndipo kamera. Ikionyesha mirija haifai, hilo nalo ni jibu, na subira huanzia hapo.

Wallahu a'lam.