Je, Kutayarisha Safari Ni Kukosa Imani?



Katika mkutano mmoja wa mashemasi, mbele ya vita kufika Bukavu mwezi wa pili mwaka 2025, lilizuka neno ambalo lilitugawanya kuliko hata hesabu ya michango. Tulikuwa tunazungumza juu ya safari ya kwaya na fanfari kwenda kuwatembelea ndugu wa Uvira. Kijana mmoja alileta karatasi. Aliandika mafuta ya kamio bidoni ngapi, unga kilo ngapi, nani ataketi wapi, tutafika Kamanyola saa ngapi. Mama mmoja mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Na Roho Mtakatifu, mwanangu, umemwandika kwenye mstari gani?" Watu walicheka. Mimi sikucheka sana, kwa sababu karatasi ile ilifanana na yangu ya mwaka 2014.

Kwanza niseme juu ya safari ya mwaka 2006. Nilikuwa mwimbaji tu. Yule aliyetuongoza alikuwa mtu wa maombi kweli, na alipoulizwa juu ya chakula alijibu kwamba Bwana alipowatuma wanafunzi wake hawakubeba mfuko. Tuliimba, tukapanda kamio, tukaondoka. Anayejua njia ile anajua maana ya Ngomo: ukimaliza Nyangezi, barabara inaanza kuanguka upande wa bonde la Ruzizi, kona juu ya kona, mlima mkono mmoja na shimo mkono mwingine. Mvua ilikuwa imenyesha. Tairi moja lilipasuka, la akiba halikuwapo. Tulifika Kamanyola usiku, kwa miguu, watoto wakilia, na tulilala huko siku mbili.

Hatukufa njaa. Wamama wa kule walitupikia ugali na sombe, wakatupa mikeka yao. Tulipofika Uvira tulitoa ushuhuda kwamba Mungu ametulisha, na kanisa lote likapiga makofi. Lakini mimi nilikuwa nimeona jambo moja asubuhi ya siku ya pili: yule mama aliyetupikia alikuwa anakwangua chini ya kikapu chake cha unga, na watoto wake walikuwa wanatutazama tunavyokula. Basi nikajiuliza, imani ilikuwa ya nani? Sisi tulitangaza imani, yeye ndiye aliyeilipa. Tangu siku ile siwezi kusikia mtu akisema "Mungu atatoa" bila kuuliza kimoyomoyo Mungu atatoa kwa kufungua kikapu cha nani.

Wanaopenda kutaja mfuko ule wasome Luka mpaka mbele. Katika sura ya 10 Bwana anawakataza mfuko na viatu. Katika sura ya 22 anawakumbusha siku zile, wanakubali kwamba hawakupungukiwa kitu, ndipo anawaambia kwamba sasa mwenye mfuko auchukue. Bwana ni yuleyule, isipokuwa saa imebadilika. Mtu akishika sura moja tu ataweza kushinda mabishano, lakini kamio lake litabaki Ngomo.

Na sisi wa Kanisa hili hatuna haki ya kudharau matayarisho. Hekalu la Nkamba, ambalo lilizinduliwa mwaka 1981, halikushuka kutoka mawinguni. Waamini walibeba mawe na mchanga kwa mikono, na makuta yalipatikana kwa nsinsani, kundi likishindana na kundi, kila mchango ukihesabiwa mbele ya wote. Tunasema Upendo, Amri, Matendo. Matendo yana hesabu yake.

Kwa hiyo nilipopewa kazi ya kuongoza safari ya mwaka 2014, niliapa kwamba hatutakula tena unga wa mtu. Nilinunua daftari. Watu arobaini, majina arobaini. Tairi mbili za akiba. Mafuta, unga, chumvi, maharagwe, makuta ya barieri moja moja, hata nafasi ya ngoma kubwa ya fanfari niliipima kwa kamba. Saa ya kuondoka, saa ya kufika, saa ya kuomba. Ndugu zangu, nilijivuna. Kila mtu alinisifu, na mimi nilisema "ni neema ya Mungu", huku nikifikiri juu ya daftari langu.

Kule Ngomo tulisimama pembeni ili kamio lililokuwa linapanda lipite. Linapanda polepole, mnajua, konvoayeri anatembea nyuma na kipande cha mti cha kuzuia gurudumu. Hapo alitufikia mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa na homa, kichwa kimelegea. Mama aliomba tumteremshe mpaka Kamanyola atafute dawa. Hakuomba bure, alikuwa na noti chache zilizokunjwa katika fundo la kitenge.

Nilifungua daftari. Hili ndilo ninaloliungama mbele yenu: sikumtazama mtoto, nilitazama daftari. Majina yalikuwa arobaini, nafasi zilikuwa arobaini, na Uvira walikuwa wanatungojea saa tisa. Nilimwambia, kwa sauti ya upole kabisa, kwamba gari limejaa, na kwamba tutamwombea. Shofere alinitazama, hakusema neno. Tukaondoka. Wimbo ulianza nyuma, lakini uliimbwa na watu wachache.

Tulifika Uvira saa tisa kasoro dakika kumi. Sijui mtoto yule alipona au hakupona. Ile njia nimepita mara nyingi, na mahali pale ninapajua.

Siku ileile tulikuwa tumepita Sange. Mnakumbuka tarehe 2 Julai 2010: gari la mafuta lilianguka pale usiku, moto ukalipuka, watu zaidi ya 200 wakafa. Wengine walikuwa wametoka kuchota mafuta, wengine walikuwa wameketi tu wanatazama mpira wa Kombe la Dunia. Ni daftari gani lingewaonyesha wale waliokaa mbele ya televisheni kwamba jambo hilo linawajia? Yakobo anatuonya katika sura ya 4 juu ya wafanyabiashara wanaopanga mji na mwaka na faida. Zamani nilifikiri anakataza kupanga. Sasa naona anamkemea mtu anayepanga kana kwamba kesho ni mali yake. Mimi niliifanya barabara ya Ngomo kuwa mali yangu kwa sababu nilikuwa nimelipia mafuta.

Nimetafuta katika Biblia msafiri aliyejitayarisha vizuri, nikampata mahali ambapo sikutazamia. Ni yule Msamaria. Hebu mhesabieni mizigo: alikuwa na mafuta, alikuwa na divai, alikuwa na mnyama wa kupanda, na alikuwa na dinari ambazo alimwachia mwenye nyumba ya wageni. Hata siku ya kurudi aliifikiria, maana aliahidi kulipa kilichozidi. Kama angesafiri kama sisi wa mwaka 2006, angelia tu pamoja na yule majeruhi. Kama angesafiri kama mimi wa mwaka 2014, angepita upande wa pili pamoja na kuhani, mafuta yake yakiwa salama mfukoni. Alikuwa na akiba iliyozidi haja yake mwenyewe, na safari yake ilikubali kukatwa.

Wazee wetu hutusimulia pia kwamba Papa Simon Kimbangu, tarehe 6 Aprili 1921, alikuwa njiani kwenda sokoni Roho alipomsukuma aingie katika nyumba ya mama Kiantondo aliyekuwa mgonjwa, akamwombea, akapona. Ninalifikiri sana soko lile. Alikuwa na sababu ya kwenda, pengine kulikuwa na vitu vya kununua, na nyumbani watu walimngoja.

Haya ndiyo niliyowaambia mashemasi siku ile. Niliomba karatasi ya kijana ihifadhiwe yote, bidoni zote na kilo zote, kwa ajili ya wamama wa Kamanyola. Lakini chini ya jina la 40 aongeze mstari wa 41, usio na jina, na kiti chake kibaki wazi hata kama mwimbaji mmoja atabaki nyumbani analia. Na saa za kufika azifute.

Mwekahazina aliuliza nani atalipa nauli ya mtu asiyekuwapo. Kijana alisema kiti kikibaki wazi mpaka Uvira itakuwa hasara. Yule mama mzee akasema yeye atatoa nusu, na akatutazama sisi tuliobaki. Hapo ilikuwa usiku, tukafunga kwa maombi. Kisha vita ikaja, na safari ile haikufanyika. Karatasi iko kwangu. Nusu ya pili ya mstari wa 41 haijapata mtu.