Kukubali kwa Niaba ya Wengine

“Mimi sina cha kuficha.” Kauli hii utaisikia kwenye vijiwe vya kahawa Kariakoo, kwenye matatu za Nairobi na sebuleni kwetu, kila yanapozuka mazungumzo ya simu na siri. Mwingine atadakia: “Na hata wakinichunguza, mimi nani?” Wa tatu ameshakata tamaa, kwake yeye, wenye mitandao wameshajua kila kitu, na kujikinga leo ni kujisumbua bure. Wa nne atasema kwa ukali kidogo kwamba simu ni yake, taarifa ni zake, na akiamua kuzitoa ili apate huduma ni shauri yake.

Watu hawa wanaweza kubishana mpaka kahawa ikapoa. Hata hivyo wanakubaliana juu ya jambo ambalo hakuna anayelitamka: kwamba faragha ni ya mtu mmoja mmoja. Kila mtu ana yake, ana hiari ya kuilinda, kuiuza au kuitupa, na hasara ikitokea itamwangukia yeye peke yake. Nataka kulihoji wazo hilo, kwa sababu naamini makosa yetu mengi kuhusu intaneti yanaanzia hapo.

Tuanze na kitu tunachotembea nacho kila siku, orodha ya majina kwenye simu. Ifungue uisome taratibu, kana kwamba ni ya mtu usiyemjua. Mama Zai Genge. Fundi Friji. Dokta Kifua. Wakili Kesi ya Shamba. Dada Salma Muscat. Mwenye Nyumba. Usipokee. Tunapohifadhi namba tunaandika pia kazi ya mtu, tulivyofahamiana, anakoishi, na pengine sababu ya kumkwepa. Mgeni akiipata orodha hiyo ataelewa kwamba mwenye simu amepanga, ana mgogoro wa ardhi, amewahi kuugua kifua, ana ndugu Oman, na kuna mtu anamkimbia.

Sasa mtazame Mama Zai. Tuseme anauza mchicha na nyanya pale kona, anatumia kitochi, na hajawahi kupakua programu yoyote. Majirani wamemhifadhi kila mmoja kwa namna yake: Mama Zai Genge, Mama Zai Vicoba, Mama Zai Mjane. Kampuni itakayosoma simu za majirani hao itajua biashara yake, kikundi chake cha kuweka na kukopa, jina la mtoto wake na msiba uliompata. Hakuna aliyemuuliza, wala yeye hakubofya popote. Amejulikana kupitia vidole vya wengine.

Mikopo ya mtandaoni imetufundisha jambo hili kwa machungu. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, na M-Shwari ilipofuata Novemba 2012, watu wengi wasio na hati ya shamba wala karatasi ya mshahara walipata kwa mara ya kwanza mahali pa kukopa fedha kidogo bila kupanga foleni benki. Hilo lilikuwa jema, na sipendi kusikia likibezwa. Mama lishe aliyeishiwa mtaji Jumanne aliweza kuwasha jiko Jumatano. Baadaye zikaja programu nyingi za kila aina, na baadhi yake ziliomba ruhusa ya kusoma meseji, kujua mtu alipo, na kuchukua orodha nzima ya majina. Mkopaji mwenye mgonjwa ndani au mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa ada hana muda wa kusoma vigezo na masharti. Anabofya “Ruhusu” na kungoja fedha ziingie.

Siku ya kulipa ikipita, simu zinaanza kulia kwa watu wengine. Anapigiwa mkwe. Anapigiwa bosi. Anatumiwa meseji mtu aliyemuuzia simenti miaka mitatu iliyopita: “Mwambie fulani alipe deni, amekuweka mdhamini.” Wengine wamekuta picha zao kwenye makundi ya WhatsApp, zimeandikwa neno mwizi. Huku Tanzania mikopo ya namna hii watu wameibandika jina la kausha damu, na Novemba 2024 Benki Kuu ikazipiga marufuku programu 69 za kukopesha. Kenya ilikuwa imebadilisha sheria mwaka 2021 ili wakopeshaji wa mtandaoni wawe chini ya leseni ya benki kuu.

Sheria hizo zinazungumzia riba, leseni na udhalilishaji, na ni sawa. Swali la kifalsafa lililo chini yake ni hili: mkopaji aliweka rehani kitu gani? Hakuweka shamba wala pikipiki. Aliweka utulivu wa mkwe wake, heshima yake mbele ya bosi, na namba ya muuza simenti. Kwa hesabu ya haki ya kawaida, mtu hawezi kuweka rehani ng'ombe wa jirani, hata akiwa na shida kiasi gani. Lakini kitufe kimoja kilimwezesha kuweka rehani amani ya watu mia tatu, na sote tukaita jambo hilo idhini.

Jambo hili haliishii kwenye mikopo. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data nchini Kenya ilitangaza faini tatu kwa pamoja. Mkopeshaji wa mtandaoni alitozwa shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba alizozipata kwa watu wengine. Shule ilitozwa 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Klabu ya starehe ilitozwa 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja ambaye hakuridhia. Mambo matatu tofauti, na katika kila moja aliyeumia ni mtu ambaye uamuzi ulifanyika bila yeye.

Kwa kipimo kikubwa zaidi, dunia iliona hayo mwaka 2018, kashfa ya kampuni ya ushauri wa kisiasa ya Cambridge Analytica ilipofichuka. Watu wapatao 270,000 waliweka programu ya maswali ya kupima tabia kwenye Facebook, iliyotengenezwa na Aleksandr Kogan, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Cambridge. Facebook yenyewe ilikiri kwamba taarifa zilizochukuliwa huenda ni za watu milioni 87. Wengi wao walikuwa marafiki wa wale waliojibu maswali. Yaani kwa kila mtu aliyekubali, zaidi ya mia tatu walichukuliwa naye. Mwezi Aprili wa mwaka huohuo, polisi wa California walimkamata Joseph DeAngelo, aliyekuwa akitafutwa kwa mauaji na ubakaji wa miaka ya 1970 na 1980. Walimfikia kupitia vinasaba vya ndugu zake wa mbali, ambao walikuwa wamevipakia wenyewe kwenye tovuti ya kutafuta nasaba. Kukamatwa kwake kulikuwa haki. Lakini tukio hilo linatuonyesha ukweli usiojali wema wala ubaya wa mtu: damu yako imo pia kwa binamu yako, na akiitoa yeye, umetoka na wewe. Wahenga walisema mtu ni watu. Leo kompyuta inaisoma methali hiyo kwa maana yake ya wazi kabisa.

Wanasheria wawili wa Boston, Samuel Warren na Louis Brandeis, waliandika mwaka 1890 makala iliyokuja kuwa msingi wa sheria za faragha Marekani. Waliishi katika zama za magazeti ya udaku na kamera mpya za kupiga picha kwa haraka, wakaitetea haki ya mtu kuachwa peke yake. Nawaheshimu, lakini mtu wao amejifungia ndani na anataka wengine wasimfikie. Mtu ninayemjua mimi haishi hivyo. Ana wazazi, wadeni, majirani na wagonjwa wa kuwatazama; maisha yake yote ni ya kuambiana. Swali lake ni kama aliyoambiwa na aliyowaambia wengine yatabaki mahali yalipostahili kubaki.

Karibu zaidi na mtu huyo amefika Helen Nissenbaum, mwanafalsafa anayefundisha Marekani. Tangu mwaka 2004 amekuwa akieleza kwamba kila taarifa hutolewa ndani ya uhusiano fulani, na uhusiano huo una kanuni zake za nani aipate na nani asiipate. Daktari akimweleza daktari mwenzake ugonjwa wako, amefanya kazi yake. Akimweleza mwajiri wako, amekuvunjia haki, hata kama ugonjwa wenyewe ni mafua na hauna aibu yoyote. Hapa “sina cha kuficha” inakosa nguvu. Aibu haikuwa kiini cha jambo tangu mwanzo.

Waliojenga nyumba za mawe za Lamu waliyajua haya bila kuyaandika vitabuni. Mgeni wa kupita anakaribishwa kwenye daka, palipo na viti vya mawe mlangoni. Njia ya kuingilia imepindishwa, ili aliyesimama nje asione moja kwa moja kiwandani, yaani kwenye ua wa ndani. Kutoka kiwandani unafika kwenye misana, zile kumbi ndefu, na mbele yake chumba kiitwacho ndani, ambako si kila ndugu anafika. Nyumba hiyo haimfukuzi mtu. Inampokea kila mmoja kwa kadiri ya ukaribu wake. Na mwenye nyumba akikukaribisha msanani, hapo amekupa dhamana ya wote waliomo. Simu zetu nyingi zimejengwa bila daka. Anayebisha hodi anaulizia nyumba nzima kwa pamoja, na anayejibu ni mmoja wa waliomo, wakati wengine wamelala.

Najua pingamizi litakalokuja. Kijijini kila mtu alijua ya kila mtu, na faragha ni mambo ya Wazungu. Ni kweli tulijuana sana. Lakini kujuana huko kulikuwa kwa pande mbili. Jirani aliyejua kwamba umelala na njaa, nawe ulijua mtoto wake amefukuzwa shule. Aliyebeba maneno alijulikana kwa jina na kwa mlango, na huku pwani alisutwa: wanawake walikusanyika, wakamfuata kwake, wakamtolea maneno yake hadharani. Kampuni iliyonunua namba yako haina mlango unaoujua. Inakujua nawe huijui, na hakuna wa kumsuta. Kijiji kilikuwa na umbea, na kilikuwa pia na dawa yake. Sisi tumebaki na umbea bila dawa.

Anayesema “mimi nani?” naye anapima kwa kipimo cha zamani. Kumfuatilia mtu kulihitaji mtu mwingine, na mtu huchoka, husahau, ana shughuli zake. Kwa hiyo wadogo waliachwa. Mashine haichagui wakubwa. Kuhifadhi namba ya waziri na ya muuza mchicha kunaigharimu sawa. Tena mara nyingi haikutafuti wewe. Inatafuta uzi unaowaunganisha watu, nawe ni fundo mojawapo. Na yule aliyekata tamaa nitamwambia kwamba ana haki ya kukata tamaa juu ya siri zake mwenyewe. Za mtoto aliyezaliwa mwezi uliopita, ambaye picha yake bado haijawekwa popote, hana mamlaka nazo.

Kama faragha ni amana tunayowekeana, basi kuna wajibu unaofuata, kwetu na kwa watunga sheria. Kwetu, ni kumuuliza mtu kabla ya kutoa namba yake, hata kama anayeiomba ni rafiki. Ni kumuuliza kabla ya kumwingiza kwenye kundi la watu mia mbili asiowafahamu, ambako namba yake inaonekana na wote. Ni kuacha kurusha picha ya mgonjwa aliyelala na mipira puani kwa ajili ya kuomba michango. Huyo hawezi kukataa, na kwa hiyo hakukubali. Wakala wa fedha anayeliacha daftari wazi juu ya kaunta, na mlinzi wa geti anayeandika vitambulisho vya wageni kwenye ukurasa ambao kila anayefuata anausoma, nao wameshika amana hiyohiyo.

Kwa watunga sheria, msingi upo. Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania, iliyoingia na haki nyingine mwaka 1984, inamhifadhi mtu pamoja na familia yake na unyumba wake. Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya ya 2010 nayo inataja mambo ya familia. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, na ya Tanzania, iliyotungwa 2022, ilianza kutumika Mei 2023. Sheria hizo zimeipa nguvu idhini ya mtu, na hiyo ni hatua kubwa. Hatua inayofuata ni kukiri kwamba yapo mambo ambayo kwayo idhini ya mtu mmoja haitoshi. Ruhusa ya kusoma orodha nzima ya majina isiwe kitu ambacho mwenye simu anaweza kukitoa kabisa, kwa mkopo wala kwa mchezo. Huduma inayohitaji mdhamini iombe namba ya mdhamini mmoja, na mdhamini huyo aulizwe yeye mwenyewe kabla ya shilingi ya kwanza kutoka. Mhandisi atakayesema hilo litaongeza hatua mbili kwenye programu atakuwa amesema kweli, na hatua hizo mbili ndizo tunazomdai.