Kwa Nini Usiku Ule?

Vifaranga mia tatu wakifa kwa baridi mjini Babati, maelezo mawili hufika bandani kabla ya fundi umeme. La kwanza ni kwamba Mungu amependa. La pili ni kwamba imetokea hitilafu ya umeme. Majirani huyasema yote mawili kwa nia njema, na mwenye kuku, ambaye huenda ni mama aliyeanzisha mradi kwa mkopo wa kikundi, huyaitikia yote kwa sababu hana nguvu ya kubishana. Hata hivyo maelezo hayo yana kasoro moja: yote mawili hufunga swali ambalo bado halijaulizwa.

Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara tangu mkoa huo umegwe kutoka Arusha mwaka 2002, imekaa kati ya ziwa lake na Mlima Kwaraa, zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Juni na Julai usiku huko ni wa kujifunika blanketi. Kifaranga wa wiki ya kwanza anahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, na mashine ya kutotolesha inataka nyuzi 37.5 au karibu sana na hapo, kwa siku 21. Ndiyo maana chumba cha mfugaji wa siku hizi kina hita, feni na themostati inayowasha na kuzima yenyewe, na mfugaji analala.

Tuseme chumba hicho kina hita tatu za wati 1,500 kila moja, kila moja na themostati yake, zote kwenye njia moja ya waya inayolindwa na breka ya ampea 16. Kwa umeme wa volti 230, njia hiyo inabeba wati 3,680. Hita mbili pamoja na feni na taa hazifiki hapo. Hita tatu pamoja na feni na taa ni kama wati 4,700, yaani zaidi ya ampea 20. Kwa miezi mingi hakuna anayegundua, maana hita zinapokezana: moja inazima, nyingine inawaka. Halafu unakuja usiku mmoja wa baridi kali. Chumba kinapoteza joto haraka, themostati zote tatu zinadai joto kwa pamoja, na hakuna inayopumzika.

Breka haikati papo hapo. Ndani yake mna ukanda wa metali mbili unaopata moto na kupinda taratibu. Kukiwa na shoti, sehemu yake ya sumaku hukata mara moja, lakini mzigo uliozidi kwa robo tu unaweza kuvumiliwa hata saa nzima au zaidi. Kwa hiyo umeme unakata saa tisa usiku, kila mtu akiwa usingizini.

Asubuhi fundi anakuja. Jua limetoka, chumba kimepata vuguvugu, hita moja tu inawaka. Anarudisha breka juu, nayo inakaa. Anapima, anakuta ampea saba. “Mama, hapa hamna tatizo,” anasema, na kwa saa ile anasema kweli. Hapo ndipo fumbo linapozaliwa. Kifaa ni kizima, waya ni mzima, fundi mwenyewe hajaona kitu, na vifaranga wamekufa. Mtu afikiri nini?

Mwanaanthropolojia Mwingereza, E. E. Evans-Pritchard, alikaa na Waazande wa Sudan ya Kusini ya leo katika miaka ya 1920, na mwaka 1937 akachapisha kitabu ambacho wanafalsafa bado wanakijadili. Mfano wake maarufu ni wa ghala la nafaka linaloanguka. Waazande walijua vizuri kwamba mchwa wamekula nguzo. Walijua pia kwamba watu hukaa chini ya ghala mchana kwa sababu kuna kivuli. Walichouliza ni kwa nini liliwaangukia watu hawa, saa hii hii. Mchwa wanaeleza kuanguka, joto la jua linaeleza kukaa pale. Kukutana kwa mambo hayo mawili hakuelezwi na lolote kati yake. Jibu lao lilikuwa uchawi. Mtu anaweza kulikataa jibu na bado akaheshimu swali, maana ni swali lile lile analouliza Mkristo au Mwislamu wa Babati anaposema kwamba kuna mkono wa Mungu katika jambo fulani.

Lakini chumba cha vifaranga hakifanani na ghala. Mtu akitazama usiku ule ataona mambo mawili yaliyogongana: baridi kali kuliko kawaida, na umeme kukata saa ile ile ambayo joto lilihitajika zaidi. Mkosi mtupu, au mtihani. Na kumbe hayakuwa mawili. Baridi ndiyo iliyoziwasha hita tatu kwa pamoja, na hita tatu ndizo zilizoikatisha breka. Hapakuwa na sadfa ya kueleza. Lile “kwa nini usiku ule” lilikuwa na jibu ndani ya ukuta, ila fundi alilitafuta mchana.

Hili ni jambo zito kwa mtu wa dini kuliko kwa asiye na dini. Anayesema “Mungu amependa” anatoa ushahidi kuhusu Mungu. Akiutoa kabla ya kupima, anaweza kuwa amemshuhudia Mungu kwa jambo lililofanywa na mtu aliyeunganisha hita ya tatu kwenye waya usioiweza. Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alifika mbali kuliko wengi katika kuusisitiza uwezo wa Mungu: alisema moto hauichomi pamba kwa nguvu zake wenyewe, bali Mungu ndiye anayeumba kuungua pamba inapoguswa na moto. Ibn Rushd alimpinga vikali baadaye, akihofia kwamba elimu yote ingebomoka. Hata hivyo Ghazali hakumruhusu mtu aishi kana kwamba moto hauunguzi. Utaratibu wa Mungu katika uumbaji kwake ni kitu cha kutegemewa. Anayeupuuza hajazidisha imani.

Vitabu vinakubaliana hapa kwa namna inayogusa. Wahubiri wa Kiislamu hawachoki kusimulia kisa cha bedui na ngamia: Mtume alimwelekeza amfunge kwanza, kisha ndipo amtegemee Mungu. Katika Injili ya Luka, Yesu mwenyewe anawataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, na anakataa kabisa hoja kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine. Na Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, inamtaka anayejenga nyumba mpya aweke ukingo juu ya paa, kwa kuwa mtu akianguka kutoka huko, hatia ya damu itakuwa juu ya nyumba ile. Sheria hiyo ingefaa kusomwa mbele ya kila fundi umeme. Haiulizi kama aliyeanguka alikuwa ameandikiwa kufa siku ile. Inauliza kama kulikuwa na ukingo.

Lile jibu la pili, “hitilafu ya umeme”, linaonekana la kisayansi, na kwa sababu hiyo ni hatari zaidi. Linautaja umeme kama kiumbe kinachoamka na kuamua kuharibu. Umeme haukuwa na hitilafu yoyote usiku ule. Ulitii hesabu, na breka ilifanya kazi iliyowekewa. Kilichokosewa ni uamuzi wa mtu, na mtu huyo hatajwi.

Yapo maafa ambayo lile swali la Waazande linabaki wazi hata baada ya wataalamu kumaliza kazi. Tarehe 3 Desemba 2023, katika Wilaya ya Hanang' ndani ya mkoa huu huu, mvua kubwa ilishusha matope na mawe kutoka mlimani hadi Katesh, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Wataalamu walieleza kuhusu sehemu ya mlima iliyonyonya maji hadi ikameguka. Maelezo hayo ni ya kweli na ya lazima, lakini aliyepoteza watoto alfajiri ile bado ana swali ambalo jiolojia hailigusi. Kumwambia anyamaze ni ukatili. Kumpa jibu la haraka pia ni ukatili.

Chumba cha Babati hakijafika huko, na ndiyo maana kinachofuata kinatisha. Fundi yule, akitaka kumridhisha mteja, anang'oa breka ya ampea 16 na kuweka ya 32. Haikati tena. Waya wa milimita za mraba 2.5 uliofukiwa ukutani sasa unaweza kubeba mzigo mkubwa kuliko uwezo wake bila kulindwa na chochote, na moto ukianza, utaanzia kwenye maungio, karibu na pumba na mabanzi ya mbao. Wapo wanaorudi kwenye jiko la mkaa, wakalifungia ndani pamoja na kuku na mlinzi, na hewa ya sumu isiyo na harufu ikajaa chumba.

Kazi ya kweli ni ya saa moja. Fundi azungushe themostati zote hadi juu ili hita tatu ziwake kwa wakati mmoja, apime kwa mita ya kubana, na aandike namba ukutani. Hita ya tatu ipewe njia yake na breka yake. Dari izibwe, joto lisitoroke. Baada ya hapo, mama huyo akitaka kumwuliza Mungu kwa nini Juni hii imekuwa kali, au kwa nini hasara imemwangukia yeye mwenye deni na si jirani mwenye akiba, shehe au mchungaji atakayemtembelea atakuwa na swali halisi mbele yake, na atalazimika kukaa nalo kwa muda mrefu kuliko alivyozoea.