Tuwahesabu na Walioachwa Njiani

Wiki hii nilihudhuria mahafali ya darasa la saba katika shule moja ya Temeke. Watoto walighani ngonjera, risala ikasomwa, akina mama wakatunza mpaka meza ya mbele ikajaa noti. Kisha akasimama mgeni rasmi, mtu anayeheshimika pale mtaani, akawauliza wahitimu wanataka kuwa nani wakikua. Binti wa mstari wa mbele akanyoosha mkono: "Daktari." Mgeni rasmi akatikisa kichwa. "Mwanangu, madaktari wamejaa mtaani hawana kazi. Siku hizi pesa iko kwenye mpira. Mwangalieni Samatta." Uwanja mzima ukashangilia, na wazazi walishangilia kuliko watoto.

Kauli hiyo imenikaa kooni tangu hapo. Watu wazima tunabishana barazani na kusahau. Mtoto wa miaka kumi na tatu akiambiwa neno na mgeni rasmi, mbele ya mama yake na mwalimu wake mkuu, huliweka moyoni na kulifanyia kazi.

Basi tumwangalie Samatta kweli, maana ni mtu wa kuangaliwa. Kijana wa Mbagala, akapita African Lyon, akapita Simba, mwaka 2011 akaenda TP Mazembe kule Lubumbashi. Mwaka 2015 alitwaa nao ubingwa wa Afrika, Januari 2016 akavuka kwenda Genk ya Ubelgiji, na Januari 2020 akasajiliwa Aston Villa. Hapo akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Wa kwanza, katika nchi ambayo kila kichochoro kina chandimu na kila mtaa una timu yake ya mchangani. Vizazi vyote vilivyomtangulia, pamoja na vipaji tulivyovishangilia tukasema huyu sasa anafika, havikufika. Tukimtaja Samatta kama ushahidi kwamba njia iko wazi, tunasahau ilivyokuwa finyu hata ikampitisha yeye peke yake.

Turudi nyumbani, kwenye ligi yetu. Ligi Kuu ina timu 16. Tuseme kila timu inasajili wachezaji 30. Hizo ni nafasi 480 kwa nchi ambayo sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Humo humo wamo wageni, maana kanuni imeruhusu hadi 12 kwa kila timu, na klabu zenye fedha hazioni haya kuzijaza nafasi hizo. Tuseme tena kila mchezaji ana bahati na mwili mzuri, akadumu miaka kumi hivi. Kwa hiyo nafasi zinazofunguka kila mwaka, wageni wakiwamo, hazifiki hamsini. Na wanaolipwa zile fedha za kuzungumzwa vijiweni wako kwenye klabu mbili tatu tu. Kwingine kuna wachezaji wanaosubiri mshahara wa mwezi juzi huku wakiombwa wafunge mabao.

Upande wa pili kuna vyuo vya udaktari: Muhimbili, KCMC pale Moshi, Bugando pale Mwanza, Dodoma, Kairuki, Ifakara, na vingine. Darasa la mwaka wa kwanza la udaktari katika chuo kimoja kikubwa pekee linazidi mara kadhaa nafasi hizo zinazofunguka Ligi Kuu kila mwaka. Sisemi kwamba ni rahisi. Fizikia, Kemia na Biolojia za kidato cha sita zimewatoa jasho watoto wenye akili nyingi, kuna shule za kata ambazo maabara yake ni kabati tupu, na baada ya hapo kuna miaka mitano ya chuo na mmoja wa mafunzo kwa vitendo hospitalini. Lakini ni mlango ambao kila mwaka tunaona mamia wakiuingia, na wengi wao ni watoto wa wakulima na mama lishe.

Najua jibu litakalokuja, kwa sababu mgeni rasmi alishalitanguliza: madaktari hawana ajira. Ni kweli, na inauma. Wapo vijana waliomaliza, wakasajiliwa na Baraza la Madaktari, na bado wanasubiri vibali vya ajira huku zahanati za vijijini zikikosa watu. Majirani zetu wa Kenya waliliona la kwao mwaka 2024, madaktari walipogoma siku 56, na moja ya kero kubwa ilikuwa malipo ya madaktari wa mafunzo: mkataba wa 2017 ulisema shilingi 206,000 za Kenya kwa mwezi, Serikali ikataka kulipa 70,000. Hayo ni makosa ya watawala na yapigiwe kelele. Nikiri pia kwamba kusomea udaktari hakumtajirishi mtu haraka kama usajili mmoja mzuri wa dirisha dogo.

Ila angalia walioshindwa. Hapa ndipo ninapotofautiana kabisa na mgeni rasmi, na hapa ndipo hesabu zetu za barazani zinapotudanganya, maana tunawaweka waliofika kileleni wakitazamana na kuwasahau wengine wote. Mtoto aliyelenga udaktari akakosa alama hadondoki moja kwa moja mpaka chini. Anaweza kusoma stashahada ya utabibu, akapangiwa zahanati, na kijijini wote wakamwita daktari. Akijitahidi, stashahada hiyo hiyo inaweza kumrudisha kwenye shahada. Yuko muuguzi, yuko mtu wa maabara, yuko mfamasia, yuko mwalimu wa Biolojia. Hata yule daktari anayesubiri ajira leo, akiitwa akiwa na miaka thelathini na tano bado ni daktari, na atatibu mpaka nywele ziwe nyeupe.

Kijana aliyeacha shule kidato cha pili kwa ajili ya mpira akachanika ligamenti ya goti akiwa na miaka ishirini, anaangukia wapi? Ninawajua wa namna hiyo, na wewe msomaji unawajua. Yuko kijiwe cha bodaboda karibu na kwako mmoja ambaye wenzake bado wanamwita kwa jina la mchezaji wa Ulaya. Klabu ilimtibu wiki mbili, kisha simu zikaacha kupokelewa. Wengine hawakuumia hata kidogo. Walikuwa wazuri tu, na uzuri wa kawaida hauna soko kwenye mpira. Kwenye hospitali ya wilaya, daktari mzuri wa kawaida ni baraka.

Mtu ataniuliza: unataka watoto wasicheze? Nataka wacheze, na michezo ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA, ipewe fedha na viwanja. Septemba 2025 nilipiga kelele kama wengine Alphonce Simbu alipofika mstarini kule Tokyo sawia na Mjerumani Amanal Petros, wote kwa saa 2:09:48, hadi picha ya mstarini ikaamua kwamba dhahabu ni yetu, ya kwanza kabisa ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha. Simbu ni askari wa JWTZ. Bingwa wa dunia, na ana kazi. Suleiman Nyambui, aliyepata medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, miguu yake ilimfikisha Chuo Kikuu cha Texas kule El Paso, akasoma. Filbert Bayi aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974 kule Christchurch, alikuja kujenga shule. Hawa walikimbia na kitu kingine mkononi, na sioni kwa nini watoto wa Temeke waambiwe wachague kimoja.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni akademia zinazochipua kila kona. Zipo zenye makocha waliosomea kazi na ratiba inayoheshimu darasa. Zipo pia ambazo mazoezi ni saa nne asubuhi siku ya shule, mzazi anachangishwa kila mwezi, na mtoto anafundishwa kupunguza umri ili achezeshwe pamoja na wadogo zake. Hivyo ndivyo vijeba wanavyopatikana: watoto tuliowafundisha uongo kabla ya kuwafundisha kupiga krosi.

TFF na Wizara ya Elimu wana uwezo wa kulikomesha hili mwaka huu huu. Akademia isiyoonyesha mahudhurio ya shule ya kila mtoto inyimwe usajili, na klabu inayomsainisha kijana wa chini ya miaka 18 imlipie ada mpaka amalize kidato cha nne, awe amecheza au amekaa benchi. Na mzazi unayeletewa fomu, kabla ya kutoa hata shilingi, dai orodha ya watoto walioandikishwa hapo miaka mitano iliyopita, pamoja na namba za simu za wazazi wao. Orodha nzima. Uwapigie hao ambao picha zao haziko kwenye bango la getini.