Binti wa Amalemba, Kaa Benchi la Nyuma

Mvua ya Kakamega haipigi hodi. Saa tisa alasiri wingu limeshatua juu ya Amalemba, mama mboga anafunika nyanya kwa nailoni, watu wa boda wanajibanza kwenye vibaraza vya maduka. Nawe binti uliyemaliza kidato cha nne umesimama hapo hapo, shangazi akikuuliza kwa mara ya tatu: "Sasa unaenda kusomea nini?" Ukijibu sheria, watu wanacheka. Eti mdomo unao, lakini uwakili ni wa watoto wa wenyewe.

Waache wacheke mpaka mvua ikatike. Wewe nisikilize.

Hadi 1961, Kenya, Uganda na Tanganyika hazikuwa na chuo kikuu cha kufundisha sheria. Mkoloni alifurahi kumwona Mwafrika akiwa karani au mwalimu, ila wakili Mwafrika alimnyima usingizi. Aliyetaka uwakili alivuka bahari kwenda Uingereza au India. Oktoba mwaka huo Dar es Salaam ikafungua kitivo cha sheria ndani ya jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba, kwa wanafunzi wasiofika ishirini. Katika kitivo hicho alisoma Julie Manning, ambaye mwaka 1975 Rais Nyerere wa Tanzania alimfanya Waziri wa Sheria. Na humo humo, katika miaka hiyo ya 60, alisoma Mkenya mmoja: Effie Owuor.

Lishike jina hilo. Owuor alirudi nyumbani akawa mwanamke wa kwanza kuwa wakili wa serikali nchini Kenya. Kisha wa kwanza kuwa hakimu. Kisha wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama Kuu, na baadaye wa Mahakama ya Rufaa. Mara nne alifungua mlango ambao hakuna mwanamke aliyekuwa ameupita. Sisi tukitaja "wa kwanza" tunapiga vigelegele, tunasahau kwamba wa kwanza hana wa kumuuliza. Akikosea, hawasemi Effie kakosea, wanasema wanawake hawawezi.

Lakini si vyeo vinavyonifanya nikusimulie habari zake. Mwaka 1993 serikali iliunda jopokazi la kupitia sheria zote zinazomhusu mwanamke, na mwenyekiti akawa yeye. Hebu fikiria kazi hiyo: kuchambua ndoa, urithi, mali na ukatili, sheria moja baada ya nyingine, ukitafuta ni wapi mwanamke amebanwa. Haina vigelegele. Ni makaratasi, na mapendekezo yanayokaa miaka kwenye kabati za wakubwa. Hata hivyo hakuchoka. Bunge lilipopitisha Sheria ya Makosa ya Kingono mwaka 2006, muswada ukiwa umeletwa na mbunge Njoki Ndung'u, aliyeongoza jopokazi la kuitekeleza alikuwa Owuor yule yule.

Sasa tuje kwenye shamba, maana huku kwetu kesi hazikosi shamba. Umesikia mara ngapi kwamba msichana hapewi ardhi kwa sababu ataolewa? Hoja hiyo ilifika Mahakama ya Rufaa katika kesi ya urithi ya familia ya Rono. Mwaka 2005 majaji wakasema binti apate sawa na kaka zake. Katiba ya 2010 ikaja kupigilia msumari: kifungu cha 27 juu ya usawa, na kifungu cha 60 kinachokataza ubaguzi wa kijinsia katika mila za ardhi. Mei 2021 Martha Koome akaapishwa kuwa Jaji Mkuu, mwanamke wa kwanza kukalia kiti hicho. Na bado kuna mama anayefukuzwa shambani wiki moja baada ya matanga, kwa kuwa pale kijijini hakuna aliyemfungulia kifungu hicho akamsomea.

Huyo mama ndiye anayekusubiri.

Kwa hiyo usiniambie huna uwezo kabla hujasoma masharti. Kusomea shahada ya sheria kunahitaji wastani wa C+ katika mtihani wa KCSE, na B katika Kiingereza au Kiswahili. Ndiyo, Kiswahili, somo ambalo wenzako walilitumia kulala. Hukufikia? Kuna stashahada, na ngazi ni ngazi hata ukianzia chini. Baada ya shahada kuna Kenya School of Law, mafunzo chini ya wakili mzoefu, kisha kiapo. Karo itakutoa jasho, sikudanganyi: utahangaikia mkopo wa HELB, utagonga ofisi ya basari, utaambiwa urudi kesho. Rudi kesho.

Ila usingoje karo ndipo uanze. Jumatatu amka mapema, vaa sketi yako ya kanisani, uteremke mjini kwa miguu mpaka mahakamani. Kesi nyingi husikizwa hadharani; huhitaji barua ya chifu wala mjomba mwenye cheo. Zima simu, inamisha kichwa jaji anapoingia, kisha kaa benchi la nyuma na daftari. Andika kila neno usilolielewa. Jioni, mvua ikianza kupiga mabati, utakuwa na maneno ishirini ya kutafuta maana yake, na shangazi akikuuliza tena, mwambie umetoka kazini.