Je, Fundi Asiyepima Amesema Uongo?

Katika likizo ndefu iliyopita nilifanya kazi kwenye karakana ya mjomba wangu karibu na Kalerwe, upande wa kaskazini wa jiji la Kampala. Karakana yenyewe ni mwavuli mkubwa, benchi moja na sanduku la spana. Wateja wake karibu wote ni waendeshaji wa boda boda. Hapo ndipo nilipokutana na swali ambalo darasani nililidhani ni la vitabuni tu: je, mtu anaweza kuwa mwongo ilhali kila neno alilolitamka ni la kweli?

Asubuhi moja alikuja mzee mmoja, mwenyeji wa Busia, pale mpakani ambako jina boda boda lilianzia wakati baiskeli zilipokuwa zikivusha abiria kati ya Kenya na Uganda. Kwa kuwa alikulia mpakani, alipenda kuzungumza nami Kiswahili, na kwa utani aliniita "mwalimu". Pikipiki yake ilikuwa haiwaki kwa kitufe ila kwa kiki, taa zilikuwa hafifu, na honi ilitoa sauti ya mtu mwenye mafua. Mjomba alibonyeza honi mara mbili, akagusisha kipande cha waya kwenye vichwa vya betri, akaona cheche ndogo, akasema, "Mzee, betri imekufa." Mzee akanunua mpya kwa fedha ya kazi ya siku mbili. Mimi ndiye niliyeifunga.

Baada ya wiki sita alirudi na shida ile ile. Mjomba akasema betri za siku hizi ni dhaifu, akamuuzia nyingine kwa bei iliyopunguzwa kidogo. Ndani ya sanduku letu mlikuwa na mita ya umeme. Niliiona. Nilijua kuitumia, kwani tulifundishwa sekondari. Sikuigusa, kwa sababu wateja walikuwa wanasubiri, na kwa sababu mwanagenzi hasahihishi kazi ya mjomba wake mbele ya watu.

Mara ya tatu mjomba alikuwa ameenda mjini kutafuta vipuri, nami nikatoa mita. Kazi nzima ilichukua kama dakika kumi. Kwanza nilipima betri injini ikiwa imezimwa. Betri ya volti 12 iliyojaa vizuri husoma karibu 12.6, hii ilisoma 11.8. Kisha niliwasha kwa kiki na kuongeza mafuta kidogo, mita ikapanda taratibu hadi kufikia 14. Mfumo mzima wa kuchaji husoma takriban kati ya 13.5 na 14.5. Kama namba isingepanda, ningeshuku koili zinazozalisha umeme, regulata au waya uliokatika. Kama ingepita 15, ningejua regulata inaiunguza betri. Hapa umeme ulikuwa unaingia ipasavyo. Likabaki swali moja: unatokea wapi?

Nilizima injini, nikatoa ufunguo, nikafungua waya wa hasi, nikaiweka mita kati ya waya huo na kichwa cha betri, ikiwa upande wa kupima amperi. Pikipiki iliyolala haipaswi kunywa umeme ila kidogo sana. Hii ilikuwa inakunywa amperi 0.2. Nilipochomoa plagi ya alamu, namba ilishuka karibu na sifuri.

Hesabu yake ni nyepesi. Alamu hukaa macho usiku kucha ikingoja ishara ya rimoti, na alamu nzima hutumia sehemu ndogo tu ya amperi. Ile ya Mzee ilikuwa mbovu. Kwa saa 12 za usiku ilikunywa amperi-saa 2.4, na betri yake ni ya amperi-saa 5. Kila alfajiri Mzee aliamka akiwa na nusu ya betri, na mchana, katika foleni za Kampala ambako injini hunguruma taratibu, nusu ile haikurudi yote. Betri ya risasi na asidi ikifanyiwa hivyo kila siku, haidumu. Hatungeweza kumlaumu kwa kufunga alamu. Wezi wa pikipiki wamewafilisi waendeshaji wengi hapa jijini, na wengine wamepoteza maisha. Alimweka mlinzi, na mlinzi akawa anakula akiba ya nyumba.

Nilipomwonyesha, Mzee alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mwalimu, mlijua tangu lini?"

"Leo, Mzee," nikajibu. Ilikuwa kweli.

Akaitazama mita mkononi mwangu. "Na hiyo mita mmeinunua leo?"

Sikuwa na jibu, na insha hii ni jaribio la kulitafuta.

Utetezi wetu unajulikana. Uongo ni kusema jambo ambalo msemaji mwenyewe anaamini si kweli, kwa nia ya kudanganya. Mjomba aliamini alichosema. Zaidi ya hapo, alichosema kilikuwa kweli: betri ilikuwa imekufa. Kwa kipimo hiki hatukudanganya mara ya kwanza wala ya pili.

Lakini kipimo hiki ni kifupi mno. Mwaka 1877 William Clifford, mwanahisabati na mwanafalsafa wa Uingereza, aliandika insha kuhusu maadili ya kuamini. Alitoa mfano wa mwenye meli aliyeshuku kwamba meli yake imechakaa, akajituliza kwa kukumbuka safari zake nyingi za salama, akairuhusu iondoke na abiria bila kuikagua. Ikazama. Clifford anasema mtu yule ana hatia hata kama aliamini kwa moyo wote, kwa sababu hakuwa na haki ya kuamini hivyo. Na hatia isingepungua hata kama meli ingefika salama. Kwa maneno mengine, moyo safi hautoshi. Mtu huulizwa pia aliipataje imani yake.

Nadhani kwa fundi jambo ni zito zaidi, kwa sababu fundi haamini tu, anasema, tena anamwambia mtu aliyemjia kwa kuwa yeye mwenyewe hajui. Abiria wa Mzee angeweza kumwambia "betri imekufa" na Mzee asitoe hata senti, maana angejua huyo anakisia. Akiyasema fundi maneno yale yale, Mzee hutoa fedha. Tofauti haimo katika maneno bali katika kile ambacho hayakutamka: nimetazama. Hicho ndicho Mzee alichokuwa akikinunua kabla ya betri. Kauli ya "betri imekufa" ilikuwa kweli; ile ya "nimetazama", iliyojificha nyuma yake, haikuwa kweli. Hapo ndipo uongo ulipokaa, na ndiyo sababu hatukuuona.

Nilipomweleza mjomba haya, hakukasirika. Aliniambia, "Mwanangu, nani alikulipa kwa kupima?" Hili ndilo pingamizi gumu, na silibezi. Mteja hulipia kitu anachokishika mkononi. Ukimwambia dakika kumi za mita zina bei yake, atavuka barabara kwa fundi mwingine atakayembadilishia betri mara moja. Mwenye meli wa Clifford alikuwa na uwezo wa kugharimia ukaguzi. Mjomba ana watoto shuleni. Tena Mzee mwenyewe alikuwa na haraka, maana kila saa pikipiki inaposimama ni saa isiyo na abiria.

Hata hivyo, pingamizi hili linathibitisha tu kwamba fundi hawezi kupima kila mara. Halithibitishi kwamba anaweza kusema kana kwamba amepima. Kati ya mambo haya mawili kuna njia isiyogharimu chochote: "Mzee, betri imekufa, lakini kilichoiua sijakipima." Mteja akisikia hivyo, anaweza kulipa, kungoja, au kwenda na hatari yake akijua ni hatari. Umaskini unaweza kutunyima muda wa kutafuta ukweli wote. Hautulazimishi kuficha kwamba hatujautafuta.

Kwa hiyo ninatofautisha mara ya kwanza na ya pili. Mara ya kwanza betri ilikuwa kuukuu na ilihitaji kubadilishwa. Kosa letu lilikuwa la uangalifu. Mara ya pili, kurudi kwa Mzee baada ya wiki sita kulikuwa ushahidi tosha kwamba tatizo liko kwingine. Methali yasema mwenye macho haambiwi tazama. Tulikuwa na macho, tena tulikuwa na mita. Betri ile ya pili tuliiuza bila haki, na mimi niliyeiona mita nikanyamaza nina hatia kumzidi mjomba ambaye hakuifikiria.

Nilimrudishia Mzee bei ya betri ya pili kutoka katika ujira wangu, kwa awamu mbili. Mjomba alicheka, kisha akaniacha. Sidhani kwamba nililipa deni lote, kwani zile asubuhi alizopiga kiki huku abiria akipanda pikipiki ya mwenzake haziwezi kurudishwa. Lakini sasa swali la Mzee nina jibu lake. Aliuliza tulijua tangu lini. Ningepaswa kumwambia: "Mzee, hatukujua hadi leo, na tulikuwa na deni la kujua tangu siku uliporudi."