Haki ya Mzee Asiyekuwa na Mshahara

Tangu Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar huwalipa wazee wakaazi waliotimiza miaka 70 pensheni ya kila mwezi, hata wasiochangia mfuko wowote. Ilianza kwa shilingi 20,000. Wako waulizao: asiyechanga ana haki gani? Swali hilo hudhani kuwa mchango ni fedha pekee. Mvuvi aliyelisha mji, mkulima wa karafuu aliyeijaza hazina, na mama aliyelea watumishi wa kesho, wote walichanga kwa jasho, ila hapakuwa na karani wa kuliandika. Kwa hiyo pensheni hiyo ni deni, wala si sadaka. Sadaka hungoja hiari ya mtoaji. Deni hulipwa kwa wakati wake, na mdai hapigi magoti.